Mlio Chini ya Land Rover: Difu ya Katikati na Mambo Yanayoiharibu

Mtu anayepanda Land Rover iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi husikia sauti moja ambayo hawezi kuisahau. Dereva anapoinua mguu kwenye mafuta, kisha akaukanyaga tena, chini ya sakafu hugonga kitu kama nyundo juu ya chuma: ko! Anapobadilisha gia, ko! Anaporudi nyuma kutoka kwenye zizi la ng'ombe, ko! tena. Mwenye gari akiulizwa hujibu kwamba Land Rover ndivyo zilivyo, na abiria huridhika. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini limewagharimu watu fedha nyingi. Wengine wamelitumia kufunika ugonjwa ambao ungaliweza kutibiwa mapema. Wengine, walipochoka na mlio, wamekubali kununua sanduku zima la gia, kumbe kilichoharibika ni vipande vichache vya chuma vinavyoweza kubebwa ndani ya kofia.

Kwanza yafaa ijulikane ni motokaa zipi zinazohusika, maana si kila Land Rover ina kitu hiki. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya motokaa mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Tangu 1950 mpaka 1985 gari za kazi za aina ya Series, isipokuwa chache zenye injini kubwa ya V8, zilimwachia dereva achague mwenyewe: ama magurudumu ya nyuma peke yake yavute, ama yote manne. Gari hizo hazina difu ya katikati, na fundi anayedai kuitengeneza humo anataka fedha za bure. Mwaka 1970 ilitoka Range Rover, ambayo magurudumu yake manne huvuta siku zote, na mwaka 1983 Land Rover 110 ikafuata njia hiyo hiyo. Baadaye zikaja 90 na Discovery, na mwaka 1990 jina la Defender likaanza kutumika. Nyingi za hizo zilipewa kisanduku cha nyuma ya giaboksi kinachoitwa LT230. Defender ya namna ile ya zamani ilikoma kutengenezwa mwezi wa Januari 2016, lakini zile zilizokuwako hazikufa siku hiyo. Katika Kenya zingali zikibeba maziwa, mbegu, wagonjwa, watalii na askari wa wanyama, na nyingi zimekwisha kupita mikononi mwa wenyewe wanne au watano, kila mmoja na desturi zake.

Mkulima aliyepata kulima kwa maksai hahitaji maelezo marefu juu ya kazi ya difu. Maksai wanapogeuka mwisho wa shamba, yule wa nje hutembea hatua nyingi, na yule wa ndani karibu husimama mahali pamoja. Kama wangelazimishwa kwenda hatua sawasawa, mmoja angeburutwa au nira ingevunjika. Magurudumu ya motokaa nayo ni vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo kila ekseli ina difu yake ili gurudumu la nje liweze kuzunguka kuliko la ndani. Jambo ambalo watu wengi hawalifikiri ni kwamba magurudumu ya mbele nayo husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Asiyeamini na aangalie alama katika matope mahali gari lilipokata kona: magurudumu ya nyuma hupita ndani ya njia ya yale ya mbele. Basi gari ambalo magurudumu yake yote huvuta siku zote halina budi kuwa na difu ya tatu kati ya mbele na nyuma. Difu hiyo imo ndani ya kile kisanduku ambacho mafundi hukiita transfa.

Umbo lake si la ajabu. Ndani ya kizimba cha chuma mna pini zilizopangwa kama msalaba, na juu ya pini hizo gia nne ndogo, kila moja imeegemea washa nyembamba. Gia hizo ndogo zimeumana na gia mbili nyingine, moja hupeleka nguvu mbele na moja hupeleka nyuma. Gari likienda barabara iliyonyooka, zile gia ndogo hazizunguki juu ya pini zake hata kidogo. Huchukuliwa tu pamoja na kizimba, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Gari likikata kona, hugeuka polepole mara chache, kisha hupumzika. Hii ndiyo kazi ziliyotengenezewa. Hazina beringi, wala hazikupewa oili ila ile inayorukia humo kizimba kinapozunguka. Kwa hiyo jambo lo lote linalozifanya zizunguke mbio, au zizunguke mchana kutwa bila kupumzika, huzila.

Matope na fimbo isiyoguswa

Jambo la kwanza ni matope. Katika nchi ya udongo mweusi unaonata, mvua ikinyesha usiku mmoja tu, barabara iliyokuwa ngumu kama saruji huwa utelezi mtupu. Dereva huingia katika matope difu ikiwa wazi, gurudumu moja la mbele huteleza, na gari husimama. Naye huongeza mafuta. Hapo nguvu yote ya injini hukimbilia kwenye lile gurudumu moja linaloteleza, maana ndiyo tabia ya difu kupeleka mwendo mahali penye urahisi. Magurudumu matatu yamesimama kabisa, moja linazunguka kama pia na kurusha tope juu ya watu wanaosukuma, na ndani ya transfa zile gia ndogo nne zinazunguka juu ya pini zao kwa mwendo ambao hazikupata kuukusudiwa. Oili hutupwa nje, chuma hupata moto, na pini huanza kukwaruzwa. Dakika tano za namna hiyo huweza kuleta madhara kuliko mwaka mzima wa safari za kawaida. Yakizidi sana, gia hushikamana na pini, pini ikakatika, na vipande vyake vikatafuta njia ya kutokea.

Watengenezaji waliweka dawa ya jambo hili tangu mwanzo, nayo ni fimbo fupi iliyo karibu na fimbo ya gia. Dereva akiisukuma upande kama kibao cha alama kinavyoonyesha, difu ya katikati hufungwa, mbele na nyuma huzunguka pamoja, na taa ndogo huwaka mbele yake. (Baadhi ya Discovery zilizotengenezwa kuanzia 1998 hazikupewa fimbo hiyo ya kufungia, na mnunuzi yampasa kulitazama jambo hilo kabla ya kulipa.) Lakini dawa hii hutolewa kabla ya ugonjwa. Difu yafaa ifungwe gari likiwa bado juu ya ardhi ngumu, kabla ya kuingia matopeni. Anayengoja mpaka magurudumu yanazunguka ovyo, kisha akaisukuma fimbo kwa nguvu, huyagonganisha meno ya chuma kwa kishindo. Akiisha kukwama, na aondoe mguu kwenye mafuta, angoje magurudumu yasimame, ndipo afunge.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Dereva hufunga difu, akavuka matope, akafika kwenye lami, na asikumbuke kuifungua. Usukani huwa mzito, mipira hulia kwenye kona, na shafti hukazana kwa sababu mbele na nyuma hazipatani tena. Kufungwa huku hakuli zile gia ndogo, bali hula karibu kila kitu kingine kutoka kwenye transfa mpaka kwenye mipira. Pengine fimbo imekwisha kurudishwa na taa ingali ikiwaka: shafti zimekazana. Hapana haja ya kuitia fimbo nguvu. Kurudi nyuma mita chache huwa kunatosha, na taa huzimika yenyewe.

Mipira isiyolingana

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza difu zao bila kuona tope lo lote, na wala hawajui. Mwenye gari hana fedha za kununua mipira minne, basi hununua miwili mipya, akaitia mbele, na kule nyuma akaiacha ile iliyokwisha meno. Akiona magari mengine yakienda hivyo, hudhani hapana neno. Katika gari ambalo magurudumu yake mawili tu ndiyo yanayovuta, kweli transfa haiumii. Katika Land Rover ya namna hii, mambo ni mengine.

Na tupige hesabu. Mpira wa kimo cha 7.50-16 ukiwa mpya huzunguka mara moja katika mwendo wa mita 2 na nusu hivi. Meno yake yakipungua milimita 10, mzunguko wake hupungua sentimita 6 na kidogo. Si kitu, atasema mtu. Lakini katika kila kilomita moja gurudumu lililochakaa litazunguka mara 10 zaidi ya lile jipya. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kadiri ya kilomita 480, kwa hiyo tofauti itakuwa mara 4,800. Tena shafti ya propela huzunguka mara tatu na nusu na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, hivi kwamba gari linapofika Mombasa shafti ya nyuma imeizidi ya mbele kwa mizunguko yapata 17,000. Tofauti hiyo yote hubebwa na zile gia nne ndogo juu ya pini zao, katika barabara iliyonyooka ambayo ilipasa ziwe zimepumzika. Mwenye gari amesafiri salama, hakukwama po pote, na difu yake imefanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni kama jiwe la kusagia.

Njia nzuri ni kuwa na mipira minne ya kimo kimoja na ya mtengenezaji mmoja, kisha kuihamisha mara kwa mara, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, pamoja na ule wa akiba, ili yote ichakae sawasawa. Asiyeweza, basi angalau atafute mipira iliyotumika ambayo meno yake yanakaribiana. Upepo nao uwe kama kitabu cha gari kinavyosema, maana mpira uliolegea nao ni mpira mdogo. Mpira wa akiba wa kimo kingine ni wa kumfikisha mtu nyumbani, si wa kutembelea mwezi mzima.

Oili

Wako watu wanaosema kwa mzaha kwamba Land Rover isiyovuja ni ile iliyokwisha oili. Mzaha huu umeua transfa nyingi. Kisanduku hiki kinachukua oili nzito ya gia, EP90, zaidi kidogo ya lita 2, na hakipati hata tone moja kutoka kwenye injini. Kina kizibo chake cha kupimia. Gari likisimama mahali pa sawasawa, kizibo kikifunguliwa, oili yapasa ifike ukingoni mwa tundu. Kazi hiyo haichukui hata robo saa, na mwenye gari aweza kuifanya mwenyewe.

Liko jambo moja la kutazamwa sana. Pengine kizibo hufunguliwa, na oili hububujika nje kwa wingi, na mtu hufurahi kwamba kisanduku kimeshiba. Kati ya giaboksi na transfa mna sili ya mpira. Sili hiyo ikichakaa, oili ya giaboksi huhamia katika transfa. Katika giaboksi nyingi za gari hizi hutiwa oili nyepesi, na mara nyingi rangi yake ni nyekundu. Basi transfa iliyojaa kupita kiasi kwa oili nyepesi ni dalili kwamba giaboksi inakauka, na kwamba ile oili nzito imechanganywa.

Oili ikimwagwa, fundi apitishe sumaku ndani yake. Uji laini wa rangi ya kijivu si jambo la kutisha. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine.

Hatari ya jeki

Kabla mtu ye yote hajaingia chini ya gari kutafuta mlio, yampasa kujua jambo ambalo limewaponda watu. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti ya propela ya nyuma, pale inapotokea kwenye transfa. Magurudumu yote yakiwa chini, inatosha. Lakini gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu ikiwa wazi, lile lililo juu laweza kuzunguka kinyume huku lile la chini likiviringika, na shafti ikiwa imesimama kimya. Breki ya mkono imevutwa hata mwisho, na gari linatoka juu ya jeki likateremka.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: gari lisimamishwe mahali pa sawasawa, difu ya katikati ifungwe, na swichi iwashwe kwanza ili taa ihakikishe kwamba imefungwa kweli. Kisha gia itiwe, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, na mawe au magogo yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Mtu asilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tena iko desturi ya mafundi wa kando ya barabara ya kuinua gurudumu moja, kuwasha injini na kutia gia ili wasikilize. Difu ikiwa wazi, kazi hiyo huzila zile gia ndogo kwa mwendo ule ule wa matopeni. Difu ikiwa imefungwa, magurudumu yaliyo chini hushika ardhi na gari huruka kutoka kwenye jeki. Kusikiliza kwa namna hiyo kusikubaliwe hata kidogo.

Kumpata mwenye kosa

Mlio hauna jina. Nguvu kutoka kwenye injini hupita mahali pengi kabla ya kufika kwenye ardhi, na kila mahali pana ulegevu kidogo. Ulegevu wote ukijumlishwa huwa ko! moja. Fundi asiye na subira husema "giaboksi" kwa sababu giaboksi ndiyo yenye faida kwake. Lakini lipo jaribio rahisi ambalo mwenye gari aweza kulifanya bila spana. Apeleke gari kwenye barabara ya udongo iliyolegea na kunyooka, isiyo na watu. Aendeshe polepole kwa gia ya pili kama mita 200, difu ikiwa wazi, akiinua mguu na kuukanyaga tena, na asikilize. Kisha asimame, afunge difu, arudie mwendo ule ule mahali pale pale. Difu ikifungwa, zile gia ndogo haziwezi kugeuka, na ulegevu wake huondoka. Mlio ukipungua sana, mwenye kosa ni difu ya katikati. Mlio ukibaki vile vile, basi difu isishtakiwe bure.

Hapo huangaliwa viungo vya shafti za propela, ambavyo ni vya bei ndogo na huchakaa upesi katika vumbi. Halafu ekseli, na vifuniko vya mwisho wa gurudumu ambako meno ya shafti hulika. Katika baadhi ya gari za miaka ya mwanzo ya 1990 hulika pia meno ya ndani ya gia ile inayopokea nguvu kutoka kwenye giaboksi, kwa sababu hayakupata oili ya kutosha. Baadaye watengenezaji walitoboa matundu katika gia hiyo ili oili ipenye, na anayenunua mpya yafaa aulize ile yenye matundu.

Ikiwa hukumu imeiangukia difu, kizimba hutolewa na kufunguliwa. Pini zikiwa na mfuo unaosikika kwa ukucha, au zimegeuka rangi ya samawati kwa moto, haifai kubadili washa peke yake. Fundi atakayefanya hivyo atampa mwenye gari miezi michache ya kimya, kisha mlio utarudi. Pini, gia nne ndogo na washa zake hubadilishwa pamoja. Washa za zile gia mbili za mbele na nyuma hupatikana kwa unene mbalimbali, na kazi ya fundi ni kuchagua zile zinazofanya gia zigeuke kwa mkono kwa uzito kidogo, bila kulegea wala kukwama. Bolti za kizimba hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Fundi asiye na spana hiyo aweza kuwa mtu hodari kwa klachi na springi, lakini kizimba hiki kisipelekwe kwake. Tena ni haki ya mwenye gari kuomba apewe vipande vya zamani mkononi mwake; karani anayenunulia ofisi au chama cha ushirika vifaa hana ushahidi mwingine wa kuonyesha kwamba kilicholipiwa ndicho kilichofanyika.

Yaliyo mengi juu ya jambo hili yanategemea ile fimbo fupi, na katika gari nyingi za zamani fimbo hiyo haisogei. Dereva wa kwanza hakuifahamu, wa pili aliiogopa, na vumbi na maji vimevigandisha viungo vyake juu ya transfa. Anayenunua Land Rover iliyotumika aombe iendeshwe kwanza kwenye udongo, na aisukume mwenyewe mpaka taa iwake. Ikikataa, viungo vya nje visafishwe kwa brashi ya waya na kutiwa oili nyepesi siku mbili tatu mfululizo, gari likienda polepole kila inapojaribiwa. Ikiisha kulegea, isukumwe mara moja kila juma kwenye barabara ya udongo, hata katika miezi ya kiangazi.